Uzinduzi wa Boti ya Matumbo Mawili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kivuko, ambaye pia, kwa unyenyekevu mkubwa, ni mimi. (Kicheko.) Waheshimiwa wajumbe, wadau wa maendeleo, mama mkwe wangu mpendwa pale mstari wa mbele na kikapu chake, shikamoo mama, na ninyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu: nawasalimu nyote kwa ngazi zenu.

Ndugu zangu, pale gatini, chini ya lile turubai la bluu, imelala katamarani, yaani boti ya kisasa yenye matumbo mawili. (Sauti: "Kama wewe!" Kicheko.) Asante, umenipunguzia kazi ya kufafanua. Boti ya tumbo moja huyumba ikamtapisha abiria. Hii hukaa juu ya maji kama sinia juu ya meza, na kila tumbo lina injini yake nyuma, na hapo ndipo uongozi wangu ulipohitajika, maana mafundi walitaka kuzifunga hivi hivi, nikasema hapana, twendeni semina kwanza. Tukaenda. Tukajengewa uwezo. (Minong'ono.)

Huko nilijifunza kwamba injini mbili ni kama ndugu wawili waliorithi shamba moja: kila mmoja akivutia kwake, hakuna kinacholimwa. Kwa hiyo pangaboi la kulia lizunguke huku na la kushoto lizunguke kule, ili nguvu zisawazike na boti isivutwe upande. Na zote zikae kimo kimoja, kwani injini ikipandishwa mno, pangaboi hunyonya hewa badala ya maji, likapiga kelele tupu bila kusogeza chombo. (Sauti: "Hilo tunalo, linahutubia!" Kicheko kirefu.) Tafadhali, maoni mwishoni. Halafu injini hizo huunganishwa kwa ufito wa chuma, ili usukani mmoja uzigeuze kwa pamoja. Na nahodha akitaka kugeuza mahali pembamba, moja huipeleka mbele, nyingine huirudisha nyuma, na boti hujizungusha pale pale ilipo, jambo ambalo kamati yangu imelifanyia mazoezi kwa muda mrefu. (Makofi hafifu.)

Kitakwimu, asilimia tisini na nane ya utekelezaji imekamilika, ikijumuisha upembuzi yakinifu, mpango mkakati, visheni, fulana, na jukwaa hili. Asilimia mbili zilizobaki ni masuala madogo madogo ya kiufundi.

(Mama mkwe anasimama.)

Naam, mama? Mpeni kipaza sauti. Hahitaji?

("Mwanangu, hotuba nimeisikia. Binti yangu amejifungua ng'ambo, mtoto kitovu kimeshadondoka, na mimi bibi yake sijamtia machoni. Uliniambia nisipande ule mtumbwi unaovuja, nisubiri boti yako. Nimesubiri. Sasa nivushe.")

Mama, hilo ni swali zuri sana, na kamati italipokea.

("Sijauliza swali. Nimesema nivushe." Kelele: "Mvushe! Mvushe!")

Ndugu wananchi, tulieni! Zipo taratibu. Kwanza utepe, kisha picha ya pamoja, kisha... Wewe bwana wa maturubai, unafungua nini hapo? Si tulikubaliana ulichukue jioni? Eti una shughuli nyingine? Bwana, niheshimu mbele ya mama mkwe! Usivute hiyo kamba! Usivu...

(Turubai linaanguka. Gatini pana safu mbili za mabenchi yaliyobebanishwa, na nyuma ya kila safu pipa limesimama.)

Naomba nitoe ufafanuzi. Mnachokiona ni modeli. Injini zile mbili... (Sauti: "Mapipa!") ...ni mapipa kwa sasa, lakini tazameni, yako kimo kimoja! (Kicheko kinachogeuka miluzi.) Mama! Mama, unakwenda wapi? Msimsindikize, jamani, rudini! Mpiga kasia, mwachie mkono! Mama, mtumbwi huo unavuja!

("Unavuja, lakini upo." Makofi ya kwanza mazito tangu asubuhi.)

Ndugu zangu... wajumbe... (Viti vinabaki wazi.) Hata mimi, msinione hivi, mtoto huyo ni wangu. Mkunga alinipigia simu, akasema ni wa kike, na akilia anatikisa bati. Nikamwambia nakuja. Kikafuata kikao cha maandalizi, kikafuata kikao cha kutathmini kikao, na mke wangu sasa simu zangu hapokei. Mpiga kasia, ngoja! Namalizia!

Katamarani! Itikieni, nasema katamarani! (Sauti moja, mbali: "Iko wapi?") Maendeleo kwa kila ufuko!

Kwa moyo mkunjufu namshukuru mwenye turubai, mwenye mabenchi na mwenye mapipa, ambao bila wao mradi huu usingeonekana kabisa. Na nawashukuru sana wahisani wetu kwa boti watakayotupa, mara tu tutakapowapata na kuwaomba. Asanteni kwa kunisikiliza, mlionisikiliza.

Mama, sogea kidogo nikae. Hapana, mama, viatu si kitu, wacha vilowe. Nini? Anahitajika mtu wa kuchota maji chomboni? Haya, nipeni hilo kopo.