Leo Nimepata Mtoto wa Plastiki

Leo nimeaibika mpaka kisigino. Nimejibandika kwenye kichujio cha maji cha mama kwa gundi kali, mikono yote miwili. (Naandika kwa kidole kimoja. Vingine vinasubiri ngozi mpya.)

Wasiomjua mama: anauza maji ya kunywa hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kisima chetu kina chumvi, utadhani tunachota kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Ndiyo maana kuna mashine, na ndani yake kichujio: karatasi laini za plastiki zilizoviringishwa kama rolex, ile chapati ya mayai, ila katikati badala ya mayai kuna bomba lenye matundu. Kingo za karatasi zimebandikwa ili maji ya chumvi yasipenye kwenye maji safi. Juzi gundi ya ukingo mmoja ikaachia. Chumvi ikarudi nyumbani.

Fundi wa Kasese akasema kwa simu, "Musiifungue. Hiyo haishonwi, inabadilishwa. Nitaleta mpya Jumatatu."

Jumatatu ni mbali. Jumapili kuna komunyo ya kwanza, na Tantine Kavira (tantine ni shangazi kwa Kifaransa cha Kongo), anayesimamia karamu ya parokia, ameagiza maji yote kwa mama. Tukishindwa, anampa yule jirani muuza maji wa ng'ambo ya barabara, anayetupungia mkono kila asubuhi kama mtu anayesubiri mazishi.

Leo ni Ijumaa, mama akaenda sokoni mpakani. "Baluku, ile kichujio usiiguse."

"Sawa, mama." (Sawa yangu haijawahi kuwa na maana yoyote.)

Nikakifungua. Niliwaza hivi: kama gundi haikushika, basi ishikishwe. Mafundi wa pancha pale stendi ya boda wanafanyaje? Wanakwaruza tyubu kwa msasa, wanapaka solusheni, wanapuliza, wanabandika. Nikakwaruza ukingo. Ukatoboka. Nikakwaruza pembeni ya tundu. Pakatoboka napo. Nikapaka solusheni, ikateleza, maana karatasi zilikuwa zimelowa.

Nikachukua gundi kali, ile ya kichupa ya kubandika soli. Mwalimu wa kemia alishatuambia kwamba gundi hiyo huganda haraka penye unyevu. (Siku hiyo nilikuwa nachora kipara chake.) Nikapaka yote, nikaviringisha, nikakumbatia kifuani na kukandamiza ili ishike.

Ikashika. Kiganja cha kushoto, cha kulia, na shati.

Nikiwa hapo navuta, nasikia uani, "Hodi. Mama Baluku?"

Tantine Kavira mwenyewe. Akiona moyo wa mashine uko mikononi mwangu, oda imekwenda ng'ambo ya barabara. Nikavuta kitenge cha mama kwenye kamba kwa meno, nikajitupia juu ya mzigo. Akatokea.

"Weye Baluku, maman iko wapi?"

"Sokoni, Tantine."

"Na hiyo umebeba iko nini? Iko mutoto?"

Hapa mtu mwenye akili angesema ni mihogo.

"Ndiyo, Tantine. Amelala."

"Ya nani?"

Sina dada. Sina kaka. Mimi ndiye kifungua mimba na kifunga mimba. "Ya... yetu."

"Yenu na nani?"

Tantine akageukia barabarani, kwa sauti inayoongoza kwaya bila kipaza sauti: "Muhindo, kimbia sokoni, umuambie Mama Baluku mujukuu amefika." Muhindo wa boda, ambaye kwa abiria hupenda kubembelezwa, leo aliondoka kabla sentensi haijaisha. Akina mama wa nyanya na dagaa wakaingia uani. Na nyuma yao, kwa nini isiwe, Biira, msichana wa darasani kwetu.

Kichujio kikaanza kuvuja. Maji yakashuka kwenye suruali yangu.

"Mutoto anakojoa," Tantine akasema. "Leta nimubadilishe."

"Hapana, Tantine, amezoea."

Mikono iliyolea nusu ya parokia haiombi ruhusa. Kitenge kikafunuka. Wote wakainama kumwangalia mtoto. Mtoto akawaangalia kwa bomba.

"Amefanana na baba yake," Biira akasema.

Wakati huohuo boda ikafunga breki. Mama akashuka mbio na sabuni ya watoto mkononi. Wenzake wa sokoni walikuwa wamemchangia tayari.

"Mama Baluku," Tantine akamwambia taratibu, "mujukuu yako iko na matundu."

Mama akapasha maji, akaniketisha kwenye kigoda, akanilowesha mikono kwa sabuni ile ya mjukuu mbele ya uwanja mzima, akinibandua kidole kimoja kimoja. Kila kidole kilitoka na kipande cha karatasi. Kichujio kilipobaki mifupa tu, Tantine akauliza lile lililomleta.

"Na maji yangu ya Siku ya Mungu?"

Yule jirani wa ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono tayari hewani.

"Itapatikana, Tantine," mama akajibu. Kisha akanigeukia, akakifunga kile kichujio vizuri ndani ya kitenge, akaniwekea magotini, akasema:

"Kesho utachota maji ya komunyo kule chemchemi ya mulimani, jerikeni kwa jerikeni, na huyu utamubeba mugongoni, sababu hatuachake mutoto peke yake kwa nyumba."