Hatua ya Nne: Mwone Mzee Ooko

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku ilianza vizuri. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Nilikuwa kwenye kiti changu cha bluu, mlangoni pa chumba cha baridi, soko la Kombewa. Ndimo akina mama wanamohifadhi samaki wasioze. Mlango hauna ufunguo. Una tableti ukutani, na ndani ya tableti kuna programu. Ukigusa alama ya kuuliza, maelezo yanatokea: bonyeza kitufe cha kijani. Kitufe cha kijani kiliondolewa mwaka jana. Siku hizi unashikilia picha ya samaki mpaka itetemeke, ndipo mlango unafunguka. Nalijua hilo kwa sababu fundi alipokuwa anabadilisha nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimwomba sigara. Programu alibadilisha, maelezo akayasahau. Mungu ambariki.

Tangu siku hiyo anayejua ni mimi. Nikifungua huwa naikinga tableti kwa mgongo, halafu naongeza mambo yangu: napuliza kioo, nagonga ukuta, naguna kidogo. Akina mama wananiita Daktari. Mimi, niliyeachana na shule darasa la sita baada ya kutoelewana na mwalimu wa hesabu. Na kila jioni Jacinta, mwenyekiti wao, ananifungia samaki mmoja, ngege, kwenye gazeti.

Mchana akatokea msichana wa kutoka Migosi, mjini Kisumu, anaitwa Awuor, kompyuta mgongoni. Alitueleza kwamba programu hii ni huria. Yaani haina mwenyewe. Wanaiandika watu wa kujitolea, wengine Kisumu, wengine nchi sijui gani, na yeyote duniani anaruhusiwa kuitumia bure na kuirekebisha. Shida ni moja, akasema: programu inatembea, maelezo yamekaa chini. Amekuja kuyaandika upya, ili mama yeyote afungue mlango bila kumuuliza mtu.

Alisema hivyo akitabasamu kama mtu aliyeleta habari njema.

Wakhungu, anayeshona viatu upande wa pili wa mlango, naye akatabasamu. Akaniuliza daktari akikosa wagonjwa anaitwaje.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Adero. Hakunipa pole. Alisema ndege wameingia kwenye mtama, na kama kiti kimekwisha, debe la kuwafukuzia liko nyuma ya jiko. Kazi ya watoto hiyo. Nilikosa hamu ya kula. Baadaye ikarudi.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata njia. Awuor anaandika anachoambiwa. Basi aambiwe.

Asubuhi akaniomba nimweleze kila kitu polepole, kwa kuwa akina mama wote wamemwambia mtaalamu ni mimi. Nikamwambia unaanza kwa kugusa pembe ya juu, kisha ya chini, kisha unasubiri kama mtu anayekunywa chai ya moto, kisha unagusa katikati kwa kidole cha mkono wa kushoto. Akaandika yote, hata kidole. Nikamhurumia.

Halafu akainuka akaenda kujaribu mwenyewe. Kumbe hawa watu hujaribu. Mlango ukakaa kama ulivyo. Akanigeukia akicheka, akauliza, Jaduong', mzee wangu, umenidanganya ama umesahau? Nikasema nimesahau, uzee ni mbaya. Akaketi mbele ya tableti, akaigusagusa mwenyewe, na kabla sijamaliza kikombe cha chai samaki akatetemeka.

Wakhungu alishona kiatu kimoja siku nzima. Mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine.

Jumatano, 16 Julai

Leo mambo yamegeuka. Awuor amesema kuandika maelezo mara moja si kazi. Kazi ni kuyatunza. Mafundi wanabadilisha kitu, maelezo yanabaki ya jana, watu wanapotea. Kwa hiyo kila programu inahitaji mtunza maelezo: fundi akibadilisha, anamtumia ujumbe, naye anasahihisha. Bila yeye kukubali, badiliko haliingii.

Akauliza nani atajitolea. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo.

Aliomba simu yangu. Kisha akasema vizuri, anayejua mahali pa kupotea ndiye ataonyesha njia. Akaniwekea ruhusa kwenye simu yangu. Sasa chochote ninachoandika kinatokea kwenye tableti. Ametia fisi ndani ya zizi na kumwachia zamu.

Mchana kutwa nimeandika. Nilitaka maelezo yawe ya kweli kabisa lakini yasimsaidie mtu. Nikaandika: "Mtumiaji husika atatekeleza utaratibu wa ufunguzi kwa mujibu wa taswira ya kiumbe cha majini, pasipo kukiuka muda stahiki wa mtetemo." Nilijipenda sana.

Jacinta akalisoma kwa sauti mbele ya akina mama wote. Alipomaliza, mmoja akasema Amina. Awuor akafuta. Amesema hiyo ni barua ya kukataliwa kazi, si maelezo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeandika tena, kwa lugha ya mtu aliyeshiba. Hatua ya kwanza, gusa jina lako. Ya pili, chagua kreti. Ya tatu, shikilia picha ya samaki mpaka itetemeke. Ya nne, ikishindikana, mwone Mzee Ooko, kiti cha bluu, na namba yangu ya simu.

Awuor akayasifu. Amesema watu wengi husahau kuweka mahali pa kuomba msaada. Akapanda gari kurudi Kisumu.

Vumbi lilipotulia nikafuta neno moja tu: ikishindikana.

Jioni akina mama walisoma mpaka mwisho, kama walivyofundishwa. Mlango ulikuwa umeshafunguka lakini hatua ya nne ilikuwa bado. Wakajipanga mbele ya kiti. Nikamtazama kila mmoja, nikatikisa kichwa kumkubalia, akaingia. Jacinta aliuliza kama ni lazima. Nikamwambia imeandikwa.

Sasa sipulizi kioo, sigongi ukuta. Natikisa tu. Ngege wa leo alikuwa na mayai tumboni.

Jumamosi, 19 Julai

Simu imelia tangu asubuhi. Mwanamume wa Mwanza mwenye chumba cha mboga. Mama mmoja wa upande wa Uganda. Mtu mwingine aliyezungumza Kiingereza cha puani, nikamwitikia yes mpaka akaridhika. Wote wanatumia programu hii hii, na wote wanasoma maelezo haya haya. Nilidhani nimeandikia Kombewa. Kumbe kitu huria kikiandikwa hapa kinasomwa kote.

Wamefika hatua ya nne. Wanataka kuniona.

Nimewaeleza kwamba natikisa kichwa. Wakasema hawaoni. Basi nikawa nasema kwa mdomo: nimetikisa, endelea. Wengine wanaandika ujumbe, nawaandikia hivyo hivyo. Nimetikisa, endelea.

Saa ya chakula pikipiki ikasimama mbele yangu. Akashuka dada mmoja, Jentrix, wa kituo cha maziwa kule Sondu. Alinipigia simu yangu ikiwa imeisha chaji, na wakubwa wake hawamruhusu kuruka hatua. Amepanda pikipiki kutoka Sondu mpaka Kombewa. Alikitazama kiti, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti iliyochoka: hatua ya nne ndiyo wewe?

Nikasema ndiyo mimi.

Akasubiri. Nikatikisa kichwa. Akauliza ni hiyo tu? Nikamtikisia tena, bure. Aliondoka bila kuaga. Wakhungu aliniambia wa Sondu wana subira, angekuwa ni mtu wa kwao Bungoma ningekuwa nimevaa kile kiti.

Jumapili, 20 Julai

Simu imelia kanisani mara nyingi mpaka pasta akasema kama ni Bwana anaita, niitike. Adero alihamia benchi jingine.

Nikatoka nje nikajibu jumbe zote kwa pamoja, bila kusoma. Nani ana muda wa kusoma? Nimetikisa, endelea. Nimetikisa, endelea. Nimetikisa, endelea.

Jumanne, 22 Julai

Sipendi kuandika ya leo. Nitaandika upesi.

Asubuhi mnunuzi kutoka Kisumu alikuja na pikapu. Samaki wote wa Jacinta wa tangu juzi walikuwa ndani, wa kulipia karo ya mwanawe. Jacinta akagusa tableti. Picha ya samaki haipo. Pale alipokuwa samaki pana kisanduku kitupu.

Akaniita. Nikaenda kwa mwendo wa daktari. Nikatafuta samaki pembeni, juu, chini. Nikapuliza kioo. Nikagonga ukuta. Nikaguna. Mnunuzi akatazama saa, akasema kuna samaki wengine Luanda Kotieno, injini yake bado inaunguruma.

Jacinta akagusa alama ya kuuliza, akasoma kwa sauti. Hatua ya tatu, shikilia picha ya samaki. Hatua ya nne, mwone Mzee Ooko. Wote wakageuka kunitazama. Na mimi nikageuka nyuma, kama kuna Ooko mwingine.

Pikapu ikaondoka.

Wakhungu ndiye aliyempigia Awuor, akaiweka simu kwenye kipaza sauti ili nisikose neno. Awuor akamuuliza Waliaula, fundi mkuu kule Kisumu. Waliaula akashangaa. Amesema alimwandikia mtunza maelezo mapema: picha ya samaki inaondoka, watu watatumia namba ya siri iliyotumwa kwenye simu zao, tafadhali Mzee rekebisha maelezo kwanza, je umekubali? Na mzee alijibu siku ya Jumapili. Awuor akasoma jibu lenyewe, neno kwa neno.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliuma.

Jacinta akatafuta ujumbe wenye namba kwenye simu yake, akaiandika, mlango ukafunguka. Akapakia samaki kwenye pikipiki akamfuata yule mnunuzi. Alimkuta njiani, pale Holo, akauza kwa bei ya mtu aliyekimbia. Aliporudi hakunipandishia sauti. Alisema tu, Daktari, leo hapana ngege. Halafu akasema, wala kesho.

Jumatano, 23 Julai

Mkutano. Awuor amekuja tena. Hatua ya nne imefutwa. Kiti cha bluu kimechukuliwa, Jacinta ameweka beseni juu yake.

Kisha Awuor akauliza nani atachukua kazi ya kutunza maelezo. Akina mama wakakumbuka samaki wao. Wakhungu, aliyenicheka wiki nzima, akashika shavu akasema jino linamsumbua. Awuor akashusha pumzi. Amesema ni hivi hivi kila mahali: kutengeneza programu watu wanapigania, kuandika maelezo wanakimbia.

Basi nimebaki mimi. Lakini nimefungwa kamba. Kabla maelezo hayajatoka, mtu asiyejua lolote lazima ayafuate mbele ya watu, nami nisimame kimya, mikono nyuma. Wakatafuta mtu asiyejua lolote na asiyeniogopa. Wakamleta Adero.

Nikaandika hatua za namba ya siri. Akazisoma, akaniambia sentensi ya pili imelewa, nikaisahihisha. Akafuata, mlango ukafunguka mara moja. Mama mmoja akamuuliza kitu, akamweleza. Mwingine akauliza, akamweleza. Bila kuguna.

Wakamfungia ngege kwenye gazeti. Tumemla pamoja. Mimi nilipewa mkia.

Ijumaa, 25 Julai

Nipo shambani na debe. Ndege wa hapa hawana heshima. Napiga, wanaruka, wanatua nyuma yangu.

Lakini debe linamwachia mtu nafasi ya kufikiri. Adero anaweza kufuata kitu kilichoandikwa. Je, kisichoandikwa? Na Awuor mwenyewe alisema: programu ni huria, yeyote anaweza kupendekeza badiliko.

Nimemwandikia Waliaula. Nimependekeza kwamba baada ya namba ya siri, mtu avute kidole kwenye kioo kuelekea kushoto, taratibu, kwa ajili ya usalama. Nimesema ni maombi ya akina mama.

Amejibu sasa hivi. Anasema wazo ni zuri sana, anafurahi kwamba wazee wanajali usalama, na litaingia Jumatatu. Ameniomba nihakikishe maelezo yako tayari.

Nimemjibu: nimetikisa, endelea.

Halafu nimemwita Adero kutoka huku shambani, nikamwambia alipige pasi shati langu jeupe, Jumatatu nitahitajika sokoni.