Vitambaa Vyekundu vya Njia ya Kisima

Alhamisi, 3 Aprili
Nimeupata! Uyoga mweupe, mnene, umejaa chini ya miti nyuma ya kisima kikavu, kule bustani ya msitu. Shemeji hajui. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi saa. Mwaka jana alileta kikapu kimoja tu cha uyoga, tukasimuliwa hadi masikio yakachoka. Safari hii nasimulia mimi.

Ijumaa, 4 Aprili
Shemeji kaniuliza njia ya kisima ikoje siku hizi. Roho ikaruka. Ameshanusa! Lakini akili ni mali. Walinzi wa bustani hufunga kitambaa chekundu mtini penye njia isiyopitika. Nimechukua blauzi kuukuu nyekundu ya mke wangu na mkasi. Jioni njia ya kisima ilikuwa imefungwa. Nimeifunga mimi, bila kibali cha mtu.

Jumamosi, 5 Aprili
Sina raha. Tangu alipougua, mke wangu ameagizwa na daktari atembee kila asubuhi. Njia yake ni ile ya kisima. Nilisahau! Alipoona vitambaa aligeuka, akashika ya bondeni asiyoijua, akapotea. Nilizunguka nikimwita hadi sauti ikakauka. Sijawahi kuogopa vile. Shemeji ndiye aliyemkuta, ameketi kwenye gogo.

Nyumbani alikunywa maji, akanitazama.

"Vile vitambaa vina maua," akasema. "Kama blauzi yangu."

Nilisema viwanda hutoa vitambaa vingi vya namna hiyo. Akajifunika shuka, akageukia ukutani.

Jumapili, 6 Aprili
Nimemletea uyoga wa kumfariji. Shemeji akaugeuza, akanionyesha kifuko kwenye shina, chini kabisa. Huo huua ini, kasema, na maumivu huja umeshachelewa. Uyoga ambao mjuzi hajautambua hauingii chunguni. Tukaufukia.

Kumbe aliuliza habari za njia ili aanze kumsindikiza dada yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nilichimba, akaingia mke wangu.

Jumatatu, 7 Aprili
Mke wangu ameongea nami tena. Ameomba jambo moja tu: nitembee naye kila asubuhi. Machozi yalinilenga. Tumetembea leo polepole, amenishika mkono, na vitambaa nimevifungua vyote mbele yake.

Karibu na bonde nimeona uyoga mwingine. Wa manjano. Nimechungulia shina: hauna kifuko! Shemeji asijue.

Kosa lilikuwa maua. Mke wangu ana sketi nyekundu isiyo na ua hata moja.