Jumamosi ya Bango

Alhamisi gazeti la mji wetu wa Vesterdal lilipofika mkahawani, Redio alishalimaliza kabla sisi wengine hatujakoroga kahawa. Redio ni Duane, tarishi mstaafu wa mji huu. Barua ameacha kusambaza, habari hajaacha.

"Sikilizeni," akasema. "Chuo chetu kimesifiwa. Walimu wenye asili tofauti wameongezeka mara mbili ndani ya mwaka mmoja."

Gavana akatua kikombe. Huyu ni Arvid, alikuwa mfuga nguruwe, hajashika cheo chochote maishani ila anaongea kama kesho anaapishwa.

"Mara mbili ya ngapi?"

"Gazeti halisemi."

"Basi mimi nasema. Alikuwa mmoja, wamekuwa wawili."

Sote tukamgeukia huyo mmoja. Ni Dokta Broadnax, mtu mweusi wa Louisiana, anafundisha mambo ya miamba pale chuoni. Sisi tunamwita Bango, maana ukiingia mjini kwa barabara kuu uso wake kwenye bango la chuo ndio unaokukaribisha, mkubwa kama ghala la mahindi, umetabasamu. Siku hiyo alikuwa anatabasamu vilevile, ila safari hii kwa moyo wake.

"Bibi," akaniambia, "Jumamosi naenda ziwani."

Jumamosi hiyo ndiyo ya kufungua msimu wa uvuvi, siku ambayo hapa Minnesota hata mchungaji anafupisha maziko. Lakini chuo nacho kila mwaka huleta wazazi kukitazama Jumamosi hiyohiyo, na Bango husimamishwa getini ili wamwone. Tangu ahamie kwetu hajawahi kuvua siku ya kwanza. Boti anayo, anaifuta vumbi tu.

"Na getini je?" LaVonne akauliza. Mkahawa ni wake, na birika halimtoki mkononi.

"Atasimama huyo mwenzangu mpya. Namkabidhi geti, namkabidhi na kamati zote, mpaka ile ya mapazia."

"Mapazia nayo yanataka mtu mweusi?"

"Dada LaVonne, kila kitu kinamtaka. Majuzi nimekaa vikao viwili saa ileile. Kimoja nilikuwa mwenyekiti, kingine nilikuwa picha."

Gavana akakunja uso. "Mie siwaelewi. Mchanganyiko mbona tunao siku zote? Kuna Wanorwei, kuna Waswidi, na yupo yule Mjerumani."

"Alishahama."

"Ndiyo maana tumeshuka. Mimi mwenyewe nimeoa Mswidi. Mama alilia wiki nzima."

"Alikuwa anamlilia Mswidi," nikamwambia.

Redio akagonga gazeti. "Na wanafunzi kutoka nchi nne. Imeandikwa hapa."

"Ni Anselm huyo," Bango akasema. "Baba Mghana, mama Mkorea, kazaliwa Ubelgiji, kakulia Peru. Akishikwa na mafua, chuo kinapoteza mabara manne."

LaVonne alicheka mpaka akamimina kahawa kwenye kisosi.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia mwanamke kavaa buti za mpira na kofia ya kuvulia.

"Samahanini wazee, leseni ya uvuvi inauzwa wapi? Nataka niwe ziwani Jumamosi alfajiri."

"Duka la vyuma, kwa Nygaard," Gavana akamwelekeza. "Wewe mgeni wa nani, mama?"

"Wa chuo. Dokta Villaseñor, natoka Texas. Nafundisha hesabu."

"Mara Mbili huyu," Redio akanong'ona, maana jina la Kihispania na kazi ya chuo vilimtosha kujua ndiye yule wa pili. Mwenzetu akapata jina kabla hajapata kiti.

Tabasamu la Bango lilishuka kama pazia. "Dokta, Jumamosi si uko getini?"

"Waliniambia. Nikawajibu, hesabu hata Texas zipo. Mimi huku nimefuata samaki."

Bango akajishika kichwa. Na kwa kuwa balaa haliji peke yake siku hiyo, akaingia Mkuu wa Chuo mwenyewe kufuata mkate wake wa mdalasini. Alipowaona hao wawili meza moja, uso ukamng'aa.

"Wote wawili pamoja? Msitikisike, nitoe simu."

"Mkuu," Bango akasema, "Jumamosi sipo."

"Hata mimi," akasema Mara Mbili.

"Jamani. Sasa wazazi watamwona nani?"

"Watatuona sisi," Gavana akajibu, akivuta mikanda ya suruali.

Mkuu akatutazama mmoja mmoja. "Mzee Arvid, nyinyi mmefanana, hata mimi huwa nawachanganya."

LaVonne akatua birika. Akaleta kikombe chenye kete mbili za dadu. Pale mezani kila ubishi huishia humo, mwenye jumla ndogo ndiye anayeshindwa, na kila siku anayeshindwa ni Bango.

"Bango akishindwa, wote wawili getini," akatangaza. "Mkuu akishindwa, anasimama mwenyewe."

"Mpeni Mara Mbili arushe," Redio akatusihi. "Mkono wa huyu una nuksi."

"Geti ni langu. Narusha mwenyewe."

Bango akatikisa mpaka tukachoka, akarusha. Moja na mbili. Gavana akajifunika uso kwa kofia.

"Bado kuna namna moja ya kuwa chini ya hapo," Mara Mbili akasema taratibu.

Mkuu akarusha huku ameshaanza kucheka. Kete ya kwanza, moja. Ya pili ikazunguka, ikagonga kisosi, ikalala. Moja.

Mimi na magoti yangu haya nilijikuta nimesimama, nampiga Mkuu mgongoni kama aliyekwamwa na mwiba kooni. Bango alikuwa anamkumbatia kila mtu, hata birika.

Wakaenda. Gavana naye akadandia boti, akaongea mpaka samaki wakahama upande wa pili. Bango alipata mmoja tu, wa urefu wa kiganja, akambusu akamrudisha majini.

Alhamisi iliyofuata Redio hakutusomea. Alilitandaza gazeti mezani.

"Wamepanda tena. Sasa ni watatu."

"Watatu?" Bango akashangaa. "Wa tatu nani?"

Mara Mbili akaivuta picha. Getini kasimama Mkuu, mkono kauweka begani kwa Bango wa kadibodi, aliyekatwa kimo cha mtu, suti na tabasamu lilelile la barabarani. Mbele yao mama mmoja amenyoosha mkono wa salamu.

"Wazazi wamempenda sana," Redio akasoma. "Wanasema ni msikivu."

Bango akaitazama ile picha mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha uso wote ukafunguka.

"Dada LaVonne, mpigie Mkuu. Mwambie mwenzangu mpya amefika, namkabidhi kamati zote. Aanze na mapazia."