Rudisheni Ndevu za Profesa Delahunty

Maabara ya Ghorofa ya Pili,
Jengo la Kemia,
Adelaide.
Jumatano, Oktoba.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama wa Maabara,
Hapa hapa chuoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUNYOLEWA KWA NDEVU ZA PROFESA COLM DELAHUNTY, NA OMBI LA KUZIREJESHA

Naandika nikiwa na akili timamu, nimeoga, na nimekunywa kahawa moja tu. Nayasema haya mapema kwa sababu mwenzangu Vinh Quach, ambaye meza yake ya maabara imepakana na yangu, amesoma hicho kichwa cha barua akaniuliza kama nimelala vizuri. Nimelala vizuri sana. Mimi ni Tegan Schirmer, mwanafunzi wa mwaka wa Honours, yaani ule mwaka wa nne ambapo mtu aliyekwisha kumaliza shahada yake salama salama, na ambaye angeweza kwenda zake ufukweni kama binadamu wengine, anaomba kwa hiari yake afungiwe maabara tangu Februari atengeneze kitu ambacho hakijapata kutengenezwa duniani.

Mimi changu nimekitengeneza, na hilo ndilo linaloniuma. Kipo. Kimo kwenye chupa ndogo ya kioo, na kwa sasa ni mafuta ya kahawia yanayonata kama asali iliyoungua. Tatizo ni kwamba mafuta hayapigiki picha. Ile mashine ya miale inayoonyesha atomu zilivyojipanga inataka fuwele, zile chembe ngumu zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Bila fuwele hakuna picha, na bila picha hakuna mtu wa kuniamini. Zamu yangu ya mashine ni Ijumaa hii, foleni iliyobaki ni ya watu wengine, na tasnifu inakusanywa wiki ijayo. Nikiikosa Ijumaa nitalazimika kuandika kwamba mwaka mzima wa ujana wangu umezaa "mafuta ya kahawia, huenda ndiyo yenyewe". Nalipenda lile dude, Mheshimiwa. Sitaki liitwe huenda.

Baada ya kusema hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Zile ndevu zilikuwa kifaa cha maabara.

Inawezekana Kamati ilidhani ni nywele. Profesa alianza kuzifuga akiwa yeye mwenyewe mwanafunzi wa Honours, na tangu hapo hazijawahi kuonja wembe. Zilikuwa za rangi ya kutu na zilifika kifungo cha pili cha shati. Sasa, kila mwanakemia anajua kwamba fuwele hupenda kuanzishwa na mbegu: chembe moja tu, hata isiyoonekana kwa macho, ikidondoka ndani, zilizobaki zinaiga na kujipanga. Na ndevu zilizoinama juu ya vyombo vya wanafunzi kwa miaka yote hiyo zina mbegu za kila kitu kilichowahi kutengenezwa katika jengo hili.

Utaratibu wetu ulikuwa mmoja na ulikuwa unafanya kazi. Mwanafunzi aliyekwama anapeleka chupa yake ofisini. Profesa anaishika kwenye mwanga wa dirisha, anaguna, anainama, anazikuna ndevu taratibu juu ya mdomo wa chupa. Halafu anaifungia chupa kwenye kabati lake la vitabu, anatia ufunguo mfukoni, na kusema: "Haya, nenda nyumbani. Usiiguse mpaka nikuite." Baada ya siku moja au mbili anakuita, na fuwele zako hizo hapo zinakungoja. Waliotutangulia wote walipita njia hiyo, na wengine sasa ni madaktari wenye magari.

2. Watumiaji wa ndevu hatukushirikishwa.

Waraka wenu naujua. Anayeingia kwenye chumba cha gesi lazima avae barakoa inayobana uso, na barakoa haibani penye nywele. Sibishi, gesi haina utani. Lakini Profesa Delahunty hajaingia chumba cha gesi siku nyingi, na mara ya mwisho alikuwa anatafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa. Kwa mtu huyo mkaleta wembe. Alirudi kutoka kwa kinyozi na kidevu kama kiazi kilichomenywa, na Vinh, ambaye amesimamiwa na mtu huyu mwaka mzima, akampa mkono, akamkaribisha, na kumwelekeza kilipo choo cha wageni. Profesa akashukuru na kwenda. Hiyo ndiyo hali mliyotufikisha.

3. Msaada wa kitaaluma umeporomoka.

Nilimpelekea chupa yangu hivyo hivyo, nikitumaini huenda mashina yamebaki. Akaiangalia kwenye mwanga. Akaguna, na mguno bado ni mzuri. Mkono ukapanda kutafuta ndevu, ukakuta ngozi, ukashuka. Kusema kweli nilimwonea huruma. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyefilisika, "Sina cha kukufanyia, Tegan. Wewe iache tu."

Niiache! Mtu mwenye zamu Ijumaa anaambiwa aiache chupa, kana kwamba ni mtoto wa jirani. Sikuiacha hata kidogo. Nimeitia kwenye friji, nimeitoa. Nimeipasha moto, nimeipoza. Nimeikwaruza kwa ndani na kijiti cha kioo kama vitabu vinavyoelekeza, halafu nikaikwaruza tena kama vitabu visivyoelekeza. Nimeitikisa. Nimeibembeleza kwa maneno laini, na iliponidharau nimeitukana kwa Kijerumani cha Oma, yaani bibi yangu. Birika la chai likichemka, naenda kuichungulia. Vinh akipiga chafya, naenda kuichungulia, huenda imeshtuka ikaganda. Vinh anasema hata kuku angegoma kutaga kwa mtindo huu. Vinh hajui kitu. Mafuta yake mwenyewe ni ya kijani, na anatembea nayo kwenye mfuko wa koti.

4. Mbadala wote umeshindikana.

Msije mkasema sikuhangaika. Kwanza Vinh alijitolea kufuga za kwake, kwa moyo safi kabisa, na kilichoota ni aibu tupu ambayo mama yake aliifuta kwa kitambaa akidhani ni unga. Pili, tulimwazima Dakta Pemberthy wa idara ya miamba, mwenye ndevu nzuri, nyingi, zinazotia matumaini. Aliinama juu ya chupa yangu kwa heshima zote, akakuna, na kilichodondoka ndani ni kipande cha pai ya nyama. Nimepoteza asubuhi nzima kumtenganisha ng'ombe na utafiti wangu. Tatu, Oma wangu kule Tanunda, niliposimulia shida hii kwenye meza ya chakula, aliweka uma chini na kutangaza kwamba ana nywele kadhaa za kidevuni alizokuwa akiziita bahati mbaya, na sasa anaona zilikuwa zinasubiri kazi. Nimemkatalia kwa adabu. Amenuna, na Jumapili hii sikupewa keki.

Hapa naomba niongeze, kwa uchungu, kwamba mimi ni mwanamke. Sina ndevu na sizitarajii. Kama chuo kinataka wanawake wasonge mbele katika kemia, kinawezaje kutunyang'anya ndevu pekee tulizokuwa tukizitumia sawa na wanaume?

5. Mabaki hayakuhifadhiwa.

Nilimfuata kinyozi mwenyewe. Nilimwomba anipe walau shungi moja la zile nywele, hata lililokanyagwa. Akasogeza mikasi mbali nami, akasema zote amempa mteja wake mmoja mwenye bustani, anayetandaza nywele za watu chini ya mawaridi ili oposamu, wale wanyama wa usiku wanaotafuna maua, wasipande. Sitaki kumtaja mteja huyo. Nasema tu kwamba kinyozi aliukumbuka mkoba wa mteja huyo, na mkoba huo una nembo ya Kamati ya Usalama.

Mheshimiwa, sikulaumu wala sikuja kufukua chochote. Lakini hebu fikiria. Maarifa ya kizazi kizima cha wanakemia yamelala chini ya mawaridi, na kazi yake sasa ni kutisha oposamu. Kama mawaridi yako yataanza kung'aa, usiite fundi wa bustani, niite mimi.

6. Kielelezo.

Ili isije ikasemwa kwamba nazua, chupa yenyewe nimeamua kuifanya ushahidi. Asubuhi hii, kabla sijaanza kuandika, nimeifunga mdomo, nimeizungushia utepe mwekundu, nimesaini juu ya utepe, na kumwomba Profesa aiweke kwenye kabati lake la vitabu na kutia ufunguo mfukoni. Nimeapa mbele ya Vinh kwamba sitaigusa, sitaichungulia wala kuikaribia mpaka Kamati ije kuikagua kwa macho yake. Mikono inaniwasha, nakiri. Ndiyo maana barua imekuwa ndefu: kila nikitaka kuinuka kwenda kuitazama, naongeza aya. Hapa nilipofika nimekwenda kula pai, nimerudi, nimerekebisha namba nne, na jua limeshahama dirisha.

Kwa hayo yote, naiomba Kamati yako itekeleze yafuatayo bila kuchelewa. Profesa Delahunty aamriwe kwa maandishi kufuga upya, kuanzia leo. Wakati zikiota, chuo kiajiri ndevu za muda, zenye uzoefu usiopungua miaka kumi ya maabara na zisizokula pai. Ndevu zote za idara ziandikishwe kwenye orodha ya vifaa, zibandikwe namba, na zikaguliwe kila mwaka kama mitungi ya kuzimia moto. Profesa atafutiwe ile barakoa ya kofia inayofunika kichwa kizima, ambayo ndevu zinaingia zote na nafasi ya mtu kupumua inabaki. Na wembe wowote utakaoonekana kwenye ghorofa ya pili uhesabiwe kuwa kitu cha hatari na ufungiwe pamoja na sumu.

Mkiyatimiza haya kabla ya Ijumaa nitawashukuru maisha yangu yote. Mkishindwa, nitawashukuru vivyo hivyo, maana nimelelewa vizuri, lakini nitakuwa nalia.

Nisalimieni wajumbe wote, na yule bwana mpole anayekuja kupima vizima moto, na katibu wenu ambaye kikohozi chake natumaini kimepona. Yasalimieni mawaridi. Hata oposamu nawasalimu, kwa kuwa wao hawana kosa katika jambo hili.

Mimi ninayeitii Kamati katika kila kitu isipokuwa hiki,

Tegan Schirmer

NYONGEZA, Alhamisi asubuhi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilishindwa kuileta barua hii jana kwa sababu niliimaliza ofisi zimefungwa. Leo nimeona ni adabu Profesa aisome kwanza, kwa kuwa ndevu ni zake. Ameisoma akiwa amesimama. Kwenye pai amecheka mpaka akatoa leso. Alipofika kwenye kielelezo akaacha kusoma, akatoa ufunguo, akafungua kabati.

Utepe uko vile vile na saini yangu iko juu yake. Mafuta hayamo. Chupa imejaa fuwele, Mheshimiwa! Za rangi ya chai isiyo na maziwa, ndefu, safi, zimeshikana kutoka ukingo hadi ukingo. Nimepiga yowe hata Vinh kule maabara akaangusha bika la kioo, na kwa desturi ya maabara yetu anayevunja kioo ndiye analeta keki, kwa hiyo kesho tunakula. Nimelia na sioni haya kulisema. Lipo. Lile dude langu lipo, na kesho linapigwa picha.

Nilipokwisha kufuta machozi nikamuuliza Profesa mbegu imetoka wapi, na yeye kidevu ni kitupu. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akakipapasa kidevu, akasema, "Zile ndevu hazikuwa kwa ajili ya chupa, Tegan. Zilikuwa kwa ajili ya kukufanya uende nyumbani."

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, namba moja hadi namba sita, pamoja na maombi. Wembe muuachilie. Mawaridi yaendelee kulindwa.

Limebaki jambo moja dogo. Vinh zamu yake ya mashine ni Jumanne, na ile chupa ya kijani haimtoki mkononi hata akienda chooni. Nimemwambia kwamba Kamati yenu haina kipingamizi na kurudisha ndevu, ila inapokea malalamiko kwa mwandiko wa mkono tu, kurasa zisipungue kumi, na kielelezo lazima kifungwe utepe kabla mtu hajaandika neno la kwanza. Amenishukuru sana. Chupa iko kabatini na yeye yuko ukurasa wa pili, anauliza kama mna kiambatisho kuhusu masharubu. Mwambieni mnacho. Na barua yake ikiwafikia, tafadhalini, kwa mapenzi mliyo nayo kwa sayansi, msimjibu upesi.