Suruali Haikusimama

Jamani, leo nimeaibika nikiwa nimekaa. Wengine huaibika kwa kuanguka au kwa kuropoka. Mimi nilikuwa nimetulia zangu kwenye benchi.

Mambo yalikuwa hivi. Leo familia ya Bosco ilikuwa inakuja kwangu hapa Fittja, pembeni mwa Stockholm, kumposa mdogo wangu Riziki. Baba yetu alishafariki, na mkubwa ni mimi, basi baba ni mimi. Tunakaa ghorofa ya chini kabisa, tuna ua mdogo mbele ya sebule, na kwa kuwa jua limetoka nikaamua wageni watakaa nje. Riziki akashauri tuazime viti kanisani. Nikakataa. Nilikuwa nimeunda benchi kwa mikono yangu, bila msumari hata mmoja, gundi tupu, na nilitaka wakwe walikalie kisha waulize fundi ni nani. (Jibu la unyenyekevu nilishaliandaa.)

Asubuhi nikatoka kulifuta vumbi. Nikaegemea ubao mmoja wa kukalia, ubao ukanibakia mkononi. Mvua ya juzi ilikuwa imeingia kwenye maungio na gundi yote imegeuka uji. Nilikuwa nimetumia ile nyeupe niliyobandikia kabati la viatu mle ndani. Kabati la viatu halinyeshewi.

"Yaya," Riziki akaniita kutoka dirishani (kwetu Uvira ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa), "viti vya kanisa bado vipo."

"Acha mambo yako," nikamjibu.

Nikapanda treni hadi Skärholmen, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji, dada mmoja Mswidi, aliniuliza swali moja tu: kazi ya nje au ya ndani? Nikamwambia ya nje. Akanipa chupa ya gundi nzito ya kahawia na maelezo marefu kwa Kiswidi: lowesha mbao kidogo, paka gundi kidogo sana maana inaumuka, bana kwa nguvu, vaa glavu, na ikivuja ifute kwa asetoni ingali mbichi, kwa sababu ikishakauka haitoki. Kila neno niliitikia "ja, ja," yaani ndiyo, ndiyo. Nilipofika nyumbani nilikumbuka la kulowesha tu.

Wageni walikuwa waje saa tisa. Nikaona nivae kabisa suruali ya suti, ile ya buluu, ili nikimaliza kazi nivae koti tu niwe baba. Nikalowesha mbao. Nikapaka gundi kwa ukarimu, kama mtu anayepaka mkate siagi ya mwenzake. Nikarudisha ubao mahali pake, halafu nikagundua kwamba nina vibanio viwili tu na benchi linataka vinne. Kitu kizito sikukiona karibu. Nikajitazama tumbo.

Kitu kizito kilikuwepo.

Nikakaa pale katikati, nikaletewa chai, nikawa nakandamiza. Nikaona vidole vyangu vimeingia gundi. Nikavimwagia maji ya chupa na kusugua. Maji ndiyo chakula chake: ikazidi kunata, ikaniganda kama ngozi ya pili. Sikujali. Jua lilikuwa zuri. Sikujua kuwa chini yangu, kati ya mbao na mbao, gundi ilikuwa inaumuka kimya kimya kama maandazi na kupanda juu kutafuta mahali pa kushika.

Sasa, watu wetu ukiwaambia saa tisa, unajua una nafasi hadi saa kumi na moja. Lakini hawa wa Bosco wamekaa Uswidi miaka mingi, wameharibika. Saa tisa kasoro waliingia uani: Bosco, shangazi yake, na mbele yao Mzee Deo, baba yake mkubwa, mwenye sauti ya mahubiri hata akiomba chumvi.

Nikataka kuinuka. Nikainuka kidogo. Suruali ikanivuta ikanirudisha.

"Karibuni," nikasema, nimekaa.

Wakanitazama. Mkwe anakuja kuposa, na mwenye nyumba hajainua hata goti. Shangazi akaangalia pembeni. Bosco akageuka rangi. Riziki alitoka na sinia la sambusa, akaniona, akaniambia kwa meno: "Simama."

"Naja," nikamjibu kwa meno.

Mzee Deo akakohoa. "Ndugu yetu, tumekosea siku? Au ni jibu tunapewa mapema?"

Hapo ningesema ukweli, mambo yangeisha. Lakini ukweli ulikuwa umekaliwa. Nikasema jambo la kwanza lililonijia: "Hapana, mzee wangu. Ni mgongo. Umenikamata tangu asubuhi, siwezi kusimama."

Uso wake ukalainika. Nikashukuru. Nikashukuru mapema mno.

"Mgongo?" akasema. "Kumbe ni adui tu anataka kuzuia hii ndoa. Tusimame tumuombee."

Wakanizunguka. Mzee Deo akaweka mkono mmoja begani mwangu na mwingine kiunoni, akaanza. Aliomba Kiswahili, akaingia Kifaransa, akarudi. Majirani wakatokeza vichwa kwenye vibaraza vya juu. Jasho likanitoka, wao wakasema upako umeshuka. Riziki naye alifumba macho, masikini, machozi yanamtoka, anadhani kaka yake anaumwa kweli. Hilo ndilo lililoniuma.

Kisha Mzee Deo akanishika mikono yote miwili. "Sasa, kwa imani, simama!"

Akavuta. Mzee yule ana nguvu.

Nikasimama. Suruali haikusimama. Ilitoa sauti ndefu ya kupasuka, na upepo wa Stockholm ukanifikia mahali ambapo haujawahi kunifikia tangu nije nchi hii.

"Amepona," akasema shangazi, aliyekuwa mbele yangu. Waliokuwa nyuma yangu wakafumba macho tena.

Riziki alinifunga kitambaa cha meza kiunoni. Nikaeleza yote: gundi, vibanio, tumbo. Bosco alikaa chini kwenye majani akicheka bila sauti. Mzee Deo alinisikiliza hadi mwisho kwa uso wa hukumu, halafu akafuta macho kwa leso akasema, "Mimi nimeposea vijana wengi. Sijaona familia inayotuvulia nguo siku ya kwanza. Hawa si wa kuwaacha."

Posa imepita. Waliagana nami kwa kunishika kifundo cha mkono, maana vidole ni vya kahawia na vinanata. Riziki ameshamaliza chupa yake yote ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo ndiyo asetoni yenyewe. Imetoka gundi iliyokuwa mbichi. Iliyokauka nimeambiwa nisubiri itoke na ngozi yenyewe.

Benchi limeshika vizuri sana, tumekaa watatu halikutikisika. Mkija kunitembelea na mkaona katikati yake kiraka cha buluu, kalieni tu. Msiulize fundi ni nani.