Kuuguza Mwasumini wa Somoe

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua gani ile! Mwasumini wa mke wangu Somoe umepasuka. Tawi kubwa limelala chini, limeshikiliwa na gome tu. Alhamdulillahi! Arobaini ya kuzaliwa mjukuu imepita zamani, na Somoe bado yuko Kigamboni kwa binti yetu Lulu. Nikienda kumwona nakalishwa barazani na chai, yeye ndani na mtoto. Lakini mti huu anaupenda kuliko anavyonipenda mimi. Nimempigia. Nimelia kidogo. Kesho atakuwa hapa, namjua.

Jumanne, 14 Aprili

Hakuja. Katuma maelekezo ya sauti, marefu kama hotuba: niinue tawi, nilirudishe mahali pake, nilifunge kwa kitambaa, nikaze, niliegemeze kwenye gongo lenye panda. Nimefunga. Legelege, makusudi! Likinyauka atakuja mwenyewe. Mto wake hauna tena harufu ya asumini. Nimeulalia hivyo hivyo.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimetoka msikitini, namkuta jirani Wilfred kapiga magoti bustanini kwangu. Eti kaona kitambaa kimelegea, kakikaza. Kakata na vijitawi vilivyochanika, kwa mkasi wake mwenyewe! Nani kamtuma? Nikauliza. Somoe! Ikabidi nishukuru. Ikabidi na chai. Kanywa vikombe viwili na andazi langu.

Jumamosi, 18 Aprili

Asubuhi nimelegeza. Mchana Wilfred kakaza. Alasiri nimelegeza. Magharibi kakaza, kaongeza na fundo. Huyu mtu hana kwao?

Jumapili, 26 Aprili

Balaa. Tawi limechipua! Majani mapya, na vitumba vya maua juu yake. Wilfred kampelekea Somoe picha. Somoe kanipigia anacheka, kaniita Baba Lulu kwa sauti yake ile ya zamani, kasema hakujua nina mkono mzuri hivi. Nikayeyuka. Nikawa naitikia kila kitu. Nikaitikia hata aliposema kwamba sasa hana wasiwasi na nyumba, atakaa huko mpaka mtoto aote meno.

Meno!

Jioni nimechuma asumini moja, nimeiweka kwenye mto wake. Harufu imekuja, mwenyewe hayupo. Nina hamu naye mpaka naona haya kuandika.

Pale ukutani kuna mkomamanga wake. Umesimama wima, hauna hata jani lililopinda. Wilfred kaniambia kesho atashinda Ubungo. Naona dalili za upepo mkali.